Maazimio Yote Sharti Yalingane

Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu palibandikwa karatasi iliyosema: "Maazimio yote ya kazi sharti yalingane. Mwisho ni Jumatatu." Chini yake palikuwa na sahihi ya mwalimu mkuu na muhuri wa shule, muhuri ambao nadhani aliupenda kuliko alivyotupenda sisi.

Maazimio ya kazi ni zile karatasi ambamo mwalimu hupanga atakachofunza wiki baada ya wiki, muhula mzima. Nilikuwa kwenye miezi yangu mitatu ya majaribio katika shule hiyo ya binafsi ya Kabiria, nikifunza Gredi ya Tano, na mwalimu mkuu alikuwa ameniambia wazi, huku akimenya ndizi, kwamba mwalimu asiye na maazimio yaliyotiwa sahihi hana darasa. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa mwaka mzima nyumbani, cheti changu kikiwa ndani ya bahasha. Kwa hiyo sikulichukulia tangazo lile kimzaha. Nilisoma "yalingane" nikaelewa kwamba yalingane na mtaala. Yalingane na nini kingine?

Tatizo ni kwamba mtaala ulikuwa umerekebishwa. Mada nyingine zilikuwa zimeondolewa, nyingine zimeunganishwa, na kila mtu ofisini alijua hivyo kwa kusikia tu. Hakuna aliyekuwa ameuona kwa macho. Mwenzangu wa Gredi ya Nne, mwanamke mchangamfu aliyekuwa hapo kwa miaka mingi, alinionea huruma.

"Kwani unataka kuandika mwenyewe? Iko kwa grupu," akaniambia, akinionyesha simu yake. "Badilisha tu jina ya shule, uprint."

Akanitumia. Niliyafungua maazimio hayo nikiwa na nia njema kabisa. Yalikuwa ya mtaala wa zamani, na yaliandikwa na mwalimu wa mbali na sisi, kwa sababu wiki ya nne yalisema: "Wanafunzi wazuru shamba la chai lililo karibu na shule." Karibu na shule yetu kulikuwa na gereji, kinyozi, makanisa mawili ya mabati na mama anayeuza chapati. Chai tuliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya thamosi. Nilimwuliza mwenzangu anafanya nini ikifika wiki ya nne, akasema huandika "limefunzwa" na kuendelea. Hakuona cha ajabu.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hizo ndizo zilizonitoa mbio. Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda ofisi moja ya elimu kule Upper Hill, ambako mlinzi aliniuliza nina miadi na nani, nikakosa jina la kutaja. Aliyepokea wageni aliniambia kitabu cha mtaala kiko kwenye mtandao, ni cha bure, kila Mkenya anaweza kukipata. Simu yangu ilizunguka na kuzunguka, ikanipa ukurasa mweupe. Jumamosi nikazunguka maduka ya vitabu katikati ya jiji. Kote walikuwa na vitabu vya mazoezi na mitihani, kila kimoja kikijitapa kwenye jalada kwamba kinafuata mtaala mpya. Mtaala wenyewe hawakuwa nao.

"Hiyo haitoki, madam," kijana mmoja wa dukani akaniambia. "Watu wanataka ya kupita mtihani."

Nilikaa kwenye ngazi za duka hilo nikampigia simu mdogo wangu, nikitafuta tu mtu wa kulalamikia. Alikuwa msichana wa kazi katika nyumba moja ya wenye nazo kule Kileleshwa. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama kitabu hicho kina ngao ya serikali juu, na maneno "Gredi ya Tano".

"Hapa kiko," akasema. "Shule ya mtoto ilipea wazazi. Kiko tu hapa kwa meza. Kuja kesho wakienda church."

Nilifika Jumapili saa nne. Mdogo wangu alinifungulia akiwa na aproni, akanitaka nivue viatu. Kitabu kilikuwa kwenye meza ya sebuleni, kimeshonwa vizuri kwa waya, chini ya boksi la penseli za rangi, na kwenye jalada palikuwa na alama ya duara ya kikombe. Wangekigusa kwa sababu gani? Mtoto wao alikuwa na mwalimu aliyepewa chake.

Nikaanza kupiga picha, ukurasa kwa ukurasa, mdogo wangu akinishikia kurasa zisijikunje. Lakini nilikuwa nikisoma pia, sikuweza kujizuia. Kitabu kile kilikuwa kizuri. Nilitarajia yale maneno makavu ya semina za walimu, lakini penye mada ya mazingira, chini ya maswali dadisi, yaani yale maswali ya kuwachokonoa watoto kabla ya somo, kulikuwa na hili: "Maji mliyooshea vyombo nyumbani huenda wapi?" Mara nikawaona watoto wangu. Kwa wengi wao maji hayo hutoka mlangoni, hupita kwenye njia, hukutana na ya jirani. Wangejibu swali hilo asubuhi nzima. Yule wa nyuma asiyeongea angejibu. Nilisikia uchungu, nausema kama ulivyokuwa: kwamba swali la watoto wangu lilikuwa limelala Kileleshwa likiwekewa vikombe.

Hatukusikia ufunguo. Mama wa nyumba alikuwa amerudi mapema peke yake, amesahau kitu. Hakufoka. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya kanisani, akamtazama mdogo wangu.

"Anti, huyu ni nani?"

"Ni dadangu, madam. Amekuja kunisalimia."

Kisha akanigeukia, akaona simu mkononi mwangu. "Na unapiga picha za nini?"

Hapo ndipo ningesema mimi ni mwalimu. Maneno hayo ni mafupi na ni ya kweli. Lakini nilikuwa nimesimama na soksi zenye tundu kwenye zulia la mwenyewe, na nikaona jinsi swali la pili litakavyokuja: mwalimu gani hana kitabu cha kufundishia? Aibu ikanishika ulimi.

"Nilikuwa naangalia tu picha zilizo kwa kitabu," nikasema.

"Hicho kitabu hakina picha," akasema.

Niliaga nikaondoka. Mchana kutwa niliandika maazimio yangu kwa mkono, na sioni haya kusema yalikuwa mazuri. Shamba la chai halikuwemo. Wiki ya nne watoto wangefuata maji machafu kutoka bomba la shule hadi yanakoishia, na kuchora njia yake.

Jumatatu mwalimu mkuu aliyaweka mezani kando ya yale ya mwenzangu wa Gredi ya Nne. Alipitisha kidole huku, akapitisha kule.

"Mwalimu, hii yako haifanani na za wenzako."

"Za wenzangu ni za mtaala wa zamani, mwalimu. Hizi zinalingana na mpya."

"Nilisema yalingane," akasema, taratibu, kama anayenisaidia. "Mkaguzi akikuja apate kila mtu ako na yake, atauliza nani anadanganya. Nataka yote iwe kitu moja. Si uliona tangazo?"

Nililiona. Nilikuwa nimelisoma vibaya. Muda wote aliposema yalingane, alimaanisha yalingane yenyewe kwa yenyewe.

Alinipa hadi mapumziko ya chakula. Nilikwenda kwa mwenye kompyuta nje ya lango, nikabadilisha jina la shule na gredi, nikachapisha, shamba la chai na vyote. Mwalimu mkuu alitia sahihi bila kufungua ukurasa wa pili, akagonga muhuri. Nikawa na darasa. Yale niliyoandika kwa mkono aliyaacha chini ya meza yake, na sikuyaomba.

Niliporudi nyumbani jioni nilimkuta mdogo wangu kwenye veranda na begi lake. Mama wa nyumba alikuwa amemwambia asubuhi hiyo, kwa upole vilevile, kwamba hawezi kuishi na mtu anayeleta watu kupigia nyumba yake picha. Alimwambia pia jambo moja ambalo mdogo wangu alinieleza bila kunilaumu: kwamba angeniona natoa sababu ya maana, asingejali. Lakini aliona nimedanganya.

Nilimfungulia mlango. Alikaa kitandani, akavua viatu, akavipanga sawasawa.

"Lakini kitabu kilikusaidia?" akauliza.

"Kilinisaidia sana," nikamwambia.

"Basi ni sawa," akasema. "Kazi nitapata ingine."