Daktari wa Kurui Aliyenitembeza Firenze

Jumapili ile haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nakuhadithia kwa sababu nimeona fulana. Wazazi wako wamechapisha fulana zenye picha yako na neno "Injinia", na wewe hata ndege ya kukupeleka masomoni hujapanda. Hapa mtaani Tangini wote wanakuita Injinia. Unacheka, unafurahi. Furahi, sikukatazi. Lakini weka simu chini, ukae karibu na bibi yako, nikupe habari ya kaka yangu Shabani.

Tulizaliwa Kurui, Kisarawe ndani, kwa mzee Rajabu, mkulima wa mihogo na korosho. Shabani alikuwa na akili ya darasani ambayo kijiji hakikuwahi kuiona. Alipopata ufadhili wa kwenda Italia kusomea udaktari, baba alichinja mbuzi, akaalika mpaka watu wa vijiji vya jirani. Tangu siku ile hakuna aliyemwita Shabani tena. Aliitwa Daktari. Baba akawa Baba Daktari, mama akawa Mama Daktari, na mtu akiumwa tumbo aliambiwa, "Vumilia, daktari wetu anarudi." Baba alitenga hata kiwanja kando ya barabara, pajengwe zahanati yake. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu alisifiwa kabla hajaupanda mnazi.

Miaka ikapita. Salamu zake zikawa chache, halafu zikakoma, ikabaki namba ya simu tu aliyompa baharia mmoja wa kwetu aliyekutana naye huko.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana, nafundisha ushonaji katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kibaha. Nikachaguliwa kwenda Italia kwa kozi fupi ya kushona ngozi, katika kamji kalikokuwa mwendo wa treni kutoka Firenze, mji aliokwenda kusoma kaka. Siku ya kuondoka, mama alinishika mikono yote miwili. Hakuagiza kitenge wala saa. Alisema, "Zena, kaniangalie mwanangu anakula wapi na analala wapi. Hayo mawili tu."

Ile namba ilikuwa ya mkahawa. Niliacha ujumbe kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza, na Jumapili iliyofuata nikapanda treni. Nilipoteremka Firenze nilimwona amesimama kwenye nguzo, amevaa koti na tai, amekonda, lakini ni yeye.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Zena. Umekuwa mtu mzima!" Akanikumbatia muda mrefu, kisha akafuta macho akasema ni upepo.

Nikamwambia twende kwanza kwake, nikapajue, mama kanituma. Akasema nyumba inapakwa rangi. Nikasema basi twende hospitalini anakofanya kazi. Akasema Jumapili wageni hawaruhusiwi. "Leo nataka uuone mji," akasema. "Watu wanatoka mwisho wa dunia kuja kuuona, wewe uje uone kuta za chumba?"

Tukatembea. Mwanangu, mji ule ni mzuri, nisiusingizie. Kuna kanisa kuu limevishwa mawe meupe na ya kijani kama kanga, na juu yake kuba jekundu kubwa hata nikajiuliza waliliinua kwa mikono gani. Kuna uwanja umejaa watu wa mawe, wengine uchi kabisa, na mimi mtoto wa madrasa nikaangalia viatu vyangu, kaka akanicheka. Vichochoro vyembamba, madirisha yenye nguo zimeanikwa, harufu ya kahawa kila kona. Alijua kila kitu. Alijua nani alijenga nini na nani alimuua nani kwenye ngazi zipi. Alijua kanisa gani huingii kwa tiketi, bomba lipi lina maji ya kunywa, ukuta upi unashika jua mpaka alasiri. Nilijivuna sana. Nilidhani anaujua mji kwa usomi. Sikujua bado kwamba mtu huujua mji namna ile kwa kukosa mahali pa kukaa.

Miguu ilinivimba. Kila nikiomba tupumzike kwenye mkahawa, alisema mbele kuna mahali pazuri zaidi. Tukafika kwenye lile daraja la zamani lenye maduka ya dhahabu juu ya mto. Pembeni vijana wa Kiafrika walikuwa wametandika mashuka chini, wanauza mikanda, mikoba na miavuli. Mmoja akamwinulia kaka mkono. Kaka akajifanya hakumwona, akaendelea kunieleza kuhusu daraja.

Ghafla mtu akapiga mluzi. Wale vijana wakakusanya pembe za mashuka yao, wakatupa mizigo mgongoni na kutimka. Askari wawili walikuwa wanakuja. Na kaka yangu, mwenye koti na tai, asiye na mkoba wala mwavuli mkononi, naye akakimbia. Aliniacha nimesimama katikati ya daraja, mdomo wazi, watalii wananipita huku na huku.

Askari hawakunitazama hata mara moja. Walipokwisha kupita, nilingoja. Alirudi taratibu, tai imepinda, anahema.

"Mbona umekimbia, kaka? Umefanya nini?"

Akanivuta pembeni. Tukakaa kwenye ngazi za kanisa fulani, akatazama mikono yake.

"Miguu imezoea," akasema. "Mluzi ukilia, haiulizi."

Ndipo aliponieleza. Mwaka wa pili wa masomo alianguka mitihani, ufadhili ukakatwa, na vibali vya kuishi huko vikaisha. Alikuwa anauza miavuli siku za mvua na mikanda siku za jua. Alilala chumba kimoja na wanaume wenzake kwa zamu, na siku ambazo zamu si yake alitembea mpaka kukuche. Koti lilikuwa la kuazima. Mwanangu, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

"Basi turudi nyumbani," nikamwambia. "Kozi ikiisha turudi wote."

"Nirudi na nini?"

"Na wewe mwenyewe."

Akatikisa kichwa. "Mimi mwenyewe Kurui hawanijui, Zena. Wanamjua Daktari. Huyo akishuka kwenye gari mikono mitupu, baba atafia pale pale kituoni." Kisha akaniomba niseme kwamba nimemwona hospitalini, amevaa koti jeupe, ana kazi nyingi.

Nilimwambia sitamdanganya mama. Hakukasirika. Alinisindikiza stesheni, na treni ilipoanza kwenda hakupunga mkono. Alikuwa anawaangalia askari waliosimama mlangoni.

Niliporudi Kurui nilikuta baba amekwisha kualika watu. Pilau liko jikoni, mikeka imetandikwa, wanasubiri habari za Daktari. Nikamwita baba na mama ndani, na shangazi Mwanaidi, dada yake baba, akatufuata. Nikasema kila kitu. Nilisema polepole, kwa adabu, na nilianza na lililo jema: kwamba yu hai na anatukumbuka.

Mama alikaa chini. Baba akanitazama kama nimemtemea mate.

"Wivu," akasema. "Tangu utotoni ulikuwa na wivu naye. Kwenda Ulaya siku mbili tatu ndiyo uje unizikie mtoto?"

"Baba, nimemwona kwa macho yangu."

"Nyamaza!"

Shangazi Mwanaidi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alisimama mlangoni akamzuia kaka yake asitoke. "Rajabu," akamwambia, "huyu msichana hajamzika mtu. Ni sisi. Tulimpeleka mtoto kusoma, na kabla hajafungua kitabu tukamvisha joho la udaktari. Sasa joho limekuwa zito, ataingiaje nalo mlangoni, na atalivua mbele ya nani? Toka nje uwaambie watu kwamba Shabani ameanguka na kwao kupo. Maneno hayo yatamfikia hukohuko aliko, na atarudi."

Baba akampita pembeni, akatoka nje. Nilimsikia kwa sauti yake kubwa: "Daktari anawasalimu sana! Kazi zimembana!" Watu wakapiga makofi. Pilau likaliwa.

Hakunisemesha tena kama mtoto wake mpaka anaingia kaburini. Nilipokuja kuolewa, alitoa idhini kwa kupitia mtu. Huo ndio ujira nilioupata kwa ukweli wangu, na usidhani uchungu wake umeisha kwa kuwa nimezeeka. Mama yeye aliniamini. Kila nikienda kumsalimu aliniuliza kwa kunong'ona, "Unadhani leo amekula?" Alifariki akiwa bado anauliza.

Sasa sikia lililonivunja. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Pangani, hiyo Pangani yetu ya Kibaha, alikuja kuniulizia hapa mtaani. Alikuwa na mpangaji wake mgonjwa, mzee asiye na ndugu, fundi wa kupaka rangi nyumba za watu. Homa ilipomzidi alitaja jina langu na kusema nakaa Tangini. Nikaenda. Alikuwa Shabani.

Alikuwa amefukuzwa Italia siku nyingi. Siku nyingi sana, mwanangu! Mama alikuwa hai bado. Aliishi Pangani, akipanda na kushuka mji huuhuu ninaonunulia mboga, na akiniona mbali alibadili njia. Bahari yote aliivuka. Kutoka Kibaha kwenda Kurui kulimshinda.

Watu husema mkataa kwao mtumwa. Nami nilisema hivyo kwa hasira, nikiwa mlangoni kwake, kabla sijamwona alivyolala.

Nilimuuguza hapa kwangu. Alipopata nguvu akaomba nimpeleke kwenye makaburi ya wazazi. Kurui watoto walimwamkia shikamoo kama mgeni yeyote. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani, aliyesoma naye darasa moja, alimkazia macho, akauliza, "Nani huyu?"

"Mimi Shabani wa mzee Rajabu."

"Yule Daktari?"

"Hapana," kaka akasema. "Yule Shabani."

Yule mzee akainuka kwa shida, akampa mkono, akamwambia, "Karibu nyumbani, Shabani. Umeshakula?" Basi. Hakuna aliyekufa kituoni, hakuna aliyecheka. Kaka yangu akalia mbele za watu, na mimi nikalia kwa ajili ya mama ambaye swali lake limeulizwa na mtu baki, yeye yuko chini ya udongo. Shabani hakumaliza mwaka. Tulimzika palepale, karibu na mama.

Nenda, mwanangu. Usome. Miji hiyo ya watu uitembee, uione, ni mizuri. Lakini siku utakapoanguka, maana binadamu huanguka, piga simu siku hiyohiyo. Usingoje mpaka uwe na la kujivunia. Sema "nimeanguka", kwa sauti yako, kwa jina ulilopewa ulipozaliwa. Na ndugu wa kwenu akija kukutembelea, kabla hujamwonyesha makanisa na madaraja, mwonyeshe unapolala. Wazazi wako nitawaita mimi mwenyewe kuhusu hizo fulana. Wakinuna, wanune. Nimeshanuniwa na wakubwa zaidi yao.

Mungu akutangulie katika njia yako, akupe elimu yenye manufaa na watu wema wa kukufungulia mlango. Akujaalie kurudi ukiwa na chochote au bila kitu, na utukute hai tukikungoja. Amina.