Uyoga Uliofunguka

Uyoga unakatwa asubuhi, wakati kingo zake zingali zimeinama chini. Ukichelewa mupaka kingo zigeuke kuangalia juu, umekosa. Hilo niliambiwa na agronomu, yule mwalimu wa kilimo aliyekuja parokiani, na ni hilo muzee wangu, baba ya watoto wangu, alikataa kusikia mupaka mwisho.

Alikuwa ametoka kwenye dawa za kifua kikuu. Alizimaliza zote, munganga akamupima, akasema ugonjwa umekwisha. Lakini nyama haikurudi kwenye mifupa. Koti yake ya misa ilimukaa kama imetundikwa kwenye musumari. Mimi nilitaka jambo moja tu: apate nguvu tena, apande kilima chetu cha Cimpunda bila kushika kuta za watu.

Ndipo yule agronomu alitukusanya sisi wamama. Sikusoma sana, lakini nilimufahamu. Alisema ndani ya uyoga kuna aina ya sukari isiyo tamu, imejificha kwenye ngozi yake, na mutu akiila inaamusha askari wa mwili. Jina lake betaglukani. Nililirudilia njia yote nisilipoteze.

Mama mumoja wa nyuma alipaza sauti: "Hao askari, nani anawalipa? Maana hawa wetu wasipolipwa wanaingia jikoni kwako."

Tulicheka, agronomu mwenyewe akacheka. Halafu akasema: "Wamama, ni chakula. Sikusema ni dawa. Dawa muchukue kwa munganga."

Tulilima katika chumba cha nyuma, kile vijana wetu walilala mbele ya kuoa. Nilichemusha maganda ya maharagi, nikayaacha yapoe, nikachanganya na mbegu ya uyoga. Muzee alijaza mifuko na kuifunga kamba. Vidole vyake ndivyo vilibakia na nguvu. Kunatakiwa giza na maji. Uyoga ulipotoka, mweupe, umepangana kama masikio, nilichukua kisu.

"Wacha kwanza," akasema.

"Niache nini?"

"Haujafunguka. Kwetu Katana tuliokota uyoga wa kichuguu umefunguka kama mwavuli. Mutoto aliweza kujikinga mvua nao. Weye unakata ungali mudogo."

"Ule wa kichuguu ni wa Mungu. Huu ni wa mufuko."

"Agronomu wako amezaliwa juzi."

"Na weye umezaliwa zamani, na haujapika hata siku moja."

Nilikata. Niliupika na kitunguu na mafuta ya mawese, akaula na bugali, akaramba vidole. Majuma yakaenda, akaanza kufika kwenye robine ya maji na kurudi bila kupumuzika. Kama ilikuwa ile sukari, kama ilikuwa kula tu kwa hamu, mimi sijui. Asubuhi moja nilimukuta ananyoa ndevu mwenyewe, nikafikiri: amerudi.

Kisha kikohozi kikarudi.

Tulipeleka makohozi kupimwa tena. Ule ugonjwa haukuwamo. Munganga akaniuliza: "Nyumbani kuna moshi? Kuna vumbi?" Nilipofika nilifungua chumba cha nyuma, nikaangalia vizuri. Nyuma ya mifuko mingine, kwenye kona, muzee alikuwa ameficha mufuko mumoja, na kiti chake kidogo mbele yake. Uyoga wake ulikuwa umefunguka wote, mukubwa kama sahani, na chini yake kila kitu kilikuwa cheupe: mufuko, sakafu, hata mukono wa sweta aliyoacha kwenye kiti. Uyoga ukizeeka unamwaga unga wake, mwembamba kama moshi. Muchana, mimi nikiwa sokoni, yeye alikaa pale akiuvuta.

"Ulikuwa unafanya nini humu?"

"Naangalia tu. Kuko baridi. Kunanuka kama kwetu wakati wa mvua."

Siku ile ile nilihamisha mifuko yote kwa jirani, nikasugua chumba na maji ya sabuni. Alinifuata mulango kwa mulango.

"Umenitolea dawa yangu, mama."

"Dawa iko katika sufuria. Haiko katika pua."

Niliendelea kumupikia, lakini hamu ilikuwa imekwenda na ile mifuko. Alikula kwa kunitii. Mara nyingine nilimukuta amekaa katika chumba kile kitupu, kinanuka sabuni.

Kikohozi kilipunguka, nguvu hazikurudi. Munganga alituonyesha picha ya kifua: mapafu yalikuwa na matundu, kazi ya ule ugonjwa wa kwanza. Akanivuta pembeni. "Mama, usiweke kosa lote kwenye uyoga. Kifua hiki kilikuwa kimechoka tangu zamani." Ni neno zuri. Halinisaidii usingizi. Alikufa mvua ilipoanza, wakati kule Katana watoto wanaokota uyoga.

Ningali ninalima, kwa jirani. Wamama vijana wakija, ninawaambia: asubuhi, kingo zingali chini, na pua mufunge na kitambaa.

Lakini kisha kuondoa matanga, niliacha kishada kimoja bila kukikata. Nilijifunga kitenge puani, nikawa ninaenda kukiangalia. Kilifunguka kama alivyosema, kikawa kizuri, sitasema uongo. Nilikikata, nikakipika na kitunguu na mawese. Kilikuwa kigumu kama ngozi ya kiatu, meno yangu yalishindwa. Nikabaki nimekaa na sahani, ubishi wote nimeushinda, na upande wa pili wa meza hakuna mutu wa kuniambia kwamba ni mimi nimepika vibaya.