Seti ya Tatu

Usiku huo nililala nimegeukia ukutani, mume wangu Zakayo nyuma yangu, kila mmoja akijifanya amepitiwa na usingizi. Mchana daktari alikuwa ametueleza kwa nini mimba yetu iliharibika. "Ilikuwa triploidi," alisema, kisha akaitwa wodini. Tukarudi nyumbani na neno hilo, hakuna aliyethubutu kuuliza maana yake. Mimi nilikuwa na maana yangu tayari: ndoo za maji nilizobeba kutoka bombani. Mama mkwe alikwisha kuzitaja, tena kwa upole.

Mara nikajikuta darasani, kidato cha tatu, baridi ya Njombe ikipenya madirishani. Madamu Tulizo, aliyetufundisha baiolojia, alikuwa amekaa mbele anafuma sweta la mtoto, kama alivyozoea wakati wa mapumziko. Nilikuwepo kwenye mazishi yake. Nilijua amekufa, na sikuogopa.

"Sogea, mwanangu. Nishikie uzi."

Ninashika. Ni mwekundu. "Huu wa baba," anasema. Ananipa wa bluu. "Huu wa mama. Kila mzazi anatoa seti moja ya kromosomu. Zikikutana hizo mbili, mtoto anaanza kufumwa."

Darasa limekuwa jiko la mama yangu, kuni zinawaka, naye bado anafuma. Kwenye kile kisweta unatokea uzi mwingine, rangi yake siioni vizuri kwa moshi. Sindano zinakwama. Anajaribu tena na tena, bila hasira.

"Seti tatu," anasema. "Ndiyo triploidi. Hiyo ya tatu iliingia mwanzo kabisa, kabla hujajua kama una mimba."

"Na ndoo, Madamu?"

"Ndoo gani?" Anashangaa kweli.

"Nilibeba maji."

"Maji hayaongezi kromosomu, mwanangu."

Nataka kucheka, nalia. Namwomba akimalize kile kisweta, hata vibaya vibaya. Anatikisa kichwa. Anakikunja polepole, anakiingiza ndani ya koti lake, kifuani.

"Huyu nitakaa naye mimi. Wewe amka. Mwenzio naye hajaambiwa."

Niliamka kunapambazuka. Zakayo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Nikamweleza yote: seti ya baba, seti ya mama, na ile iliyozidi. Nikamwambia haikuletwa na mtu yeyote.

Akanigeukia.

"Kwa hiyo si pikipiki?" akauliza. "Siku ile nimekupakia, tukaingia kwenye shimo. Kila nikifumba macho naliona lile shimo."

Sikuwa nalikumbuka hata kidogo.

"Si pikipiki, Zakayo."

Akajilaza, akaweka kichwa begani kwangu, na kwa mara ya kwanza tukamlilia mtoto wetu pamoja.