Stoki ya Nyumba ya Wanza

Wanza Musili hupandikiza miembe kando ya barabara ya Kathiani, na kutwa nzima haliachi neno moja la Kiingereza. "Leta stoki," humwambia Mwikali, naye Mwikali humletea mche wa embe la kienyeji. Wanza huukata kichwa, huupasua kidogo, huchomeka kijiti cha mwembe wa aina ya apple, kisha hukaza utepe wa nailoni.

Mwikali ni mke wake. Wageni hushangaa, lakini Ukambani jambo hilo lina jina: iweto. Mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwingine, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba iliyomwoa mama yao. Mume wa Wanza, Musili, alifariki bila kuacha mtoto. Wanza akamwoa Mwikali kutoka Mwala. Leo wana wasichana wawili, Kavindu na Kasyoka, na wote wanaitwa Musili.

Kwa Musau, ndugu wa marehemu, hao si wa ukoo. Musau ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Mwaka huu mvua ilipokaribia, alipeleka maksai na plau katika shamba la chini la Wanza, akalilima lote, akatangaza kwamba ardhi ya ndugu yake haina mrithi. Wanza hakulia wala hakubembeleza. Aliitisha kikao cha ukoo.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Musau. Baada ya chai, Mzee Aloys, mwenyekiti wa ukoo, alimpa mwenye nyumba nafasi ya kwanza.

"Watoto ni wazuri, sikatai," Musau alisema. "Lakini si stock yetu. Mimi nauza ng'ombe, najua mambo ya mbegu. Shemeji amezoea kupandikiza maembe. Watu hawapandikizwi!"

Wengine walicheka. Wanza alinigeukia. Mimi ni mjukuu wa dada yake. Nimemaliza chuo kikuu juzi tu, na nilikuwa nimemsindikiza.

"Mjukuu, wewe umesomea hicho Kiingereza. Huyu ananitukana ama ananisifu?"

Nilieleza nilivyofundishwa. Waingereza wa kale waliliita gogo, au shina la mti, stock. Baadaye likawa pia jina la ukoo, kwa maana babu wa kwanza ni shina na wazao ni matawi. Leo ni mifugo, ni bidhaa za dukani, ni hisa za kampuni, ni kitako cha bunduki, hata ni supu ya mifupa. Jinsi baadhi ya maana hizo zilivyozaliwa, wataalamu wenyewe bado wanabishana.

"Umemaliza supu?" Musau aliuliza. "Kaa chini, msichana."

"Hata wewe tulia, Musau," Mzee Aloys alisema. "Neno lina wenyewe, wacha wabishane nalo. Sisi tuongee yetu."

"Haya, tuongee yetu," Wanza alisema. "Ntheo ya Mwikali ilipelekwa na nani?"

Ntheo ni mbuzi wanaochinjwa nyumbani kwa kina msichana. Wasipochinjwa, hakuna ndoa. Wakishachinjwa na kuliwa, msichana ni wa nyumba iliyowatoa. Musili akiwa kaburini, mwanamume wa nyumba yake alihitajika kusimama mbele ya wazee wa Mwala.

"Nilisaidia tu kuwafikisha," Musau alisema.

"Na nyama?"

"Kila mtu alikula, shemeji."

"Wewe ulikula kama nani? Kama dereva?"

Mwikali, aliyeketi kando ya Wanza, aliinua uso. "Alisimama akawaambia kina baba, 'Mimi ni nyumba ya Musili, nimekuja kuchukua mke wetu.' Halafu akaongezewa nyama mara mbili."

Safari hii kicheko kilikuwa cha kila mtu isipokuwa mmoja.

"Basi imeisha," alisema Mzee Aloys. "Huwezi kula ntheo kwa jina la nyumba, halafu uwakatae watoto wa nyumba hiyo. Shamba ni la Kavindu na Kasyoka."

"Nitaenda kortini!"

"Nenda," Wanza alijibu, akisimama na kufunga leso kiunoni. "Machakos si mbali. Huko pia nitakuuliza habari za mbuzi."

"Na jasho langu? Nimelima lile shamba lote mpaka mtoni!"

"Umelima vizuri, shemeji. Kesho tunapanda."