Amplifaya Nyepesi ya Bi Maulida

Fundi wa redio kutoka Visiga hugusa kila amplifaya kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Ile ya zamani ya Bi Maulida, huko kijijini Masaki, ilikuwa nzito, ya moto, na ilimaliza betri ya sola kabla sinema haijaisha. Leo amemfungia ya dijitali.

"Nyepesi hivi, fundi, itapiga kweli?"

"Itapiga, mama. Ubaya wake, ikiungua haichokonolewi, unabadilisha bodi nzima."

Bi Maulida akaguna, akarudi jikoni. Fundi akachagua sinema yenye mvua, akapandisha sauti. Radi ilipopiga, mama alitoka mbio uani kuanua makopa yake ya muhogo. Akasimama na ungo mkononi, akiangalia mbingu isiyo na wingu. Ndani, fundi aligusa amplifaya kwa mgongo wa kiganja. Ilikuwa baridi.