Sahani ya Bati

Makande yakiungua jikoni kwangu, ulimi wangu huonja damu. Nilitoka Zambia kwenda kusoma muhula mmoja Iringa, na rafiki yangu wa pekee alikuwa msichana wa Kihehe tuliyelala naye bweni moja.

Mchana mmoja, kwenye foleni ya makande, msichana wa Kingoni akamwambia rafiki yangu, "Mla mbwa wewe, nyama yako leo haipo!"

Damu ikanichemka. Nikampasua Mngoni mdomo kwa sahani ya bati. Papo hapo rafiki yangu akanirukia, akaning'oa jino kwa ngumi.

"Unampigaje mtani wangu? Wahehe na Wangoni tunatukanana tangu enzi za mababu!"

Mngoni akatema damu, akacheka, akaniinua kutoka mavumbini.

"Haya, na wewe nitukane."

Sikujua tusi hata moja la kumfaa Mngoni. Nikamtemea damu kifuani. Akanikumbatia.