Mama Pasi Anaisubiri Jumatatu

Saa moja na nusu asubuhi. Mlango wa chumba cha dobi uko wazi, mvuke unatoka, na Mama Pasi anajisifu hata kabla salamu hazijaisha.

"Miaka ishirini na sita sijaunguza nguo ya mtu."

Anasimama, anakaa, anasimama tena. "Haya, shati moja. Na suruali ya yule mwalimu, lakini ile hata pasi iliionea huruma."

"Na lile shuka?" anauliza wifi yake, mke wa kaka yake, bila kuinua macho kwenye karai.

"Shuka si nguo."

Shuka hilo ndilo lililomnyang'anya pasi. Wiki tano zilizopita Mama Pasi alianza kumeza dawa za sonona, ile huzuni isiyojua kuaga. Hakufiwa wala hakuibiwa.

"Niliamka tu siku moja nikaona kuvaa viatu ni safari," anasema. "Watu wananiuliza, umekosa nini? Ningekijua si ningekwenda kukitafuta!"

Dawa ilikuja na mambo yake. Mdomo ukakauka, tumbo likachafuka, usingizi ukamwangukia mchana kweupe. Siku ya kumi alisinzia pasi ikiwa mkononi. Shuka likatoboka, vidole vyake vilipona kwa bahati.

Muuguzi wa kliniki akawaita wote wawili, yeye na wifi yake. Akae mbali na pasi mpaka mwili uizoee dawa. Pombe asiguse. Dawa nyingine yoyote, hata majani ya kuchemsha, aseme kwanza. Yakimjia mawazo ya kujidhuru, aende siku hiyo hiyo.

"Na usiache ghafla eti umepata nafuu, kichwa kitakupiga kama shoti," alisisitiza. "Ikikusumbua njoo tuibadilishe. Hapa hatugombezi mtu."

Zamani Mama Pasi alinyoosha mashati sitini kwa siku. Sasa anakunja, kwa nusu ya ujira, na kuwafundisha wenzake kupekua mifuko kabla ya kulowesha nguo. Humo amewahi kukuta hereni, meno ya bandia, na barua ya mapenzi ambayo mke hakuiandika.

"Mdomo utadanganya," huwaambia. "Mfuko hauwezi."

Jumatatu anarudi kliniki. Muuguzi akiridhika, na wifi akithibitisha kwamba hajaruka dozi, atarudishiwa pasi yake.

"Wasinikute nasinzia tu," anasema, akizunguka meza kwa mara ya nne. "Nataka kola. Kola ikinyooka unajua leo umefanya jambo duniani."

Na dawa, anameza?

"Kila asubuhi, mbele ya wifi. Sijaruka hata siku moja." Anageuka, anayumba, anashika ukingo wa meza. Tangu juzi kichwa kinampiga kama shoti ya umeme. "Joto hilo," anasema haraka.

Leo ni siku ya kufua aproni. Wifi anaichukua ya Mama Pasi na, kama alivyofundishwa, anatanguliza mkono mfukoni. Mkono unakawia kutoka. Kisha anavipanga juu ya meza ya pasi, kimoja kimoja: vidonge sita vyeupe.

"Wifi, hivi nini?"

"Vifungo," anasema Mama Pasi. "Vya shati la mteja."

Wifi anakiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha, anakigeuza huku na huku.

"Havina matundu, wifi yangu. Hebu nishonee kimoja nione."